UCHAMBUZI: Ubia uliorejesha umeme Zanzibar na wajibu unaobaki kwa kila mshirika

MEI 2008, kisiwa cha Unguja kilikosa umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja kutokana na hitilafu katika njia ya kebo inayopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Kabla wananchi hawajaisahau adha hiyo, hitilafu nyingine ilitokea Disemba 2009, na safari hii kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Ndani ya miaka miwili, wakaazi wa Unguja walipitisha takriban miezi minne wakitegemea vibatari, mishumaa na jenereta kwa wale waliomudu kununua mafuta.

Tangu wakati huo, Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO), chini ya usimamizi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, limejenga huduma yake juu ya mtandao wa ubia: na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), na washirika wa maendeleo, na vijiji vinavyopokea huduma. Swali linalostahili kuzingatiwa leo ni nani anabeba jukumu gani baada ya mradi kukabidhiwa. Historia ya umeme wa Zanzibar inaonesha kuwa fedha za kujenga hupatikana kwa makubaliano ya miaka michache, wakati huduma yenyewe hudumu au hudorora kwa namna kila mshirika anavyotimiza wajibu wake katika miongo inayofuata.

Umeme unaovuka bahari

Umeme si jambo geni Zanzibar. Jengo la Beit al Ajaib lililopo Forodhani, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, hutajwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kuwashwa taa za umeme katika Afrika Mashariki. Kwa miongo mingi baadaye, huduma hiyo ilibaki zaidi mjini na ilitegemea mitambo iliyokuwepo kisiwani.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1980, Unguja ilipounganishwa na gridi ya Tanzania Bara kwa kebo ya baharini yenye uwezo wa megawati 45, inayotoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Kuanzia hapo ZECO, na mashirika yaliyoitangulia kabla ya sheria ya mwaka 2006 iliyoliunda shirika la sasa, yamekuwa yakinunua umeme kwa bei ya jumla kutoka TANESCO na kuusambaza kwa wateja wa visiwani.

Utaratibu huo uliipunguzia Zanzibar gharama ya kuendesha mitambo ya mafuta. Hata hivyo, ulikuwa na udhaifu mmoja: njia ilikuwa moja tu. Kebo ya mwaka 1980 iliwekwa wakati Zanzibar nzima ilikuwa na watu wasiofika nusu milioni, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1978. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 984,625. Katika kipindi hicho hicho hoteli za kitalii zilienea katika pwani ya Nungwi, Kiwengwa na Paje, na vijiji vingi vya shamba viliungiwa umeme. Mzigo uliongezeka mwaka hadi mwaka huku njia ya kuupitisha ikibaki ile ile.

Kilichopotea gizani

Hasara ya miezi ile haikuishia kwenye taa. Visima vya Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) huvuta maji kwa pampu za umeme. Pampu ziliposimama, mabomba yalikauka na foleni za ndoo zikarejea mitaani. Mvuvi aliyezoea kuhifadhi samaki kwa barafu alilazimika kuuza mapema kwa bei ya hasara. Fundi wa kuchomelea vyuma, fundi cherehani mwenye mashine ya umeme na mama anayeuza juisi baridi walikosa saa za kazi, na kwa hivyo wakakosa kipato.

Athari nyingine haikuonekana kwa macho wakati ule. Mwanauchumi Alfredo Burlando, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alichunguza uzito wa watoto waliozaliwa Unguja baada ya giza la mwaka 2008. Alibaini kuwa watoto waliokuwa tumboni katika kipindi hicho walizaliwa na uzito pungufu kwa wastani, na akahusisha hali hiyo na kuporomoka kwa kipato cha kaya zilizotegemea kazi za umeme. Kwa maneno mengine, hitilafu katika kebo moja ilifika hadi kwenye mizani ya wodi ya wazazi.

Pemba haikuguswa na giza hilo, kwa kuwa wakati huo ilikuwa bado inatumia mitambo ya dizeli katika kituo cha Wesha. Uendeshaji wake ulikuwa wa gharama kubwa, lakini kisiwa hicho hakikuwa kimefungwa kwenye njia iliyoharibika. Tofauti hiyo ya visiwa viwili ilitoa funzo lililoongoza mipango iliyofuata: usalama wa huduma unahitaji zaidi ya njia moja ya kupata umeme.

Ubia wa miundombinu

Ushirikiano mkubwa kuliko yote katika sekta hiyo ulikuwa tayari umetiwa saini kabla ya giza la kwanza. Februari 17, 2008 jijini Dar es Salaam, Rais Jakaya Mrisho Kikwete na Rais George W. Bush wa Marekani walitia saini makubaliano ya msaada wa dola za Marekani milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia (MCC). Sehemu ya fedha hizo ilitengwa kwa ajili ya kebo mpya ya Unguja yenye uwezo wa megawati 100 na msongo wa kilovolti 132. Kebo hiyo ilikamilika mwaka 2013.

Tarehe hizo zinafaa kutazamwa kwa makini. Miezi mitatu baada ya saini, Unguja iliingia gizani. Mwaka mmoja na nusu baadaye iliingia gizani tena, na bado kebo mpya ilikuwa katika hatua za matayarisho. Mradi wa aina hiyo unahitaji upembuzi yakinifu, zabuni, utengenezaji wa kebo kiwandani na meli maalumu ya kuitandaza baharini. Ubia, hata ukiwa na fedha kamili, hauwezi kuharakishwa na dharura. Ndiyo maana Serikali, kwa msaada wa washirika wengine, ililazimika kufunga mitambo ya dizeli katika kituo cha Mtoni iwe akiba kwa Unguja wakati kebo ikisubiriwa.

Kwa upande wa Pemba, Serikali ya Norway ilishirikiana na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kuunganisha kisiwa hicho na gridi kwa kebo ya baharini kutoka Tanga, iliyozinduliwa mwaka 2010. Hatua hiyo iliiondolea Pemba utegemezi wa dizeli katika shughuli za kila siku, na ikafungua nafasi ya kufikisha huduma katika vijiji ambavyo mitambo ya Wesha isingeweza kuvibeba.

Ubia wa vijijini

Ushirikiano wa Norway na Zanzibar ulianza miaka mingi kabla ya kebo ya Pemba. Kuanzia miaka ya 1980 hadi mwaka 2006, nchi hiyo ilisaidia mradi wa kusambaza umeme vijijini Unguja na Pemba. Mpango huo ulizingatia kufikisha laini kuu kwenye kijiji na kuunganisha kwanza huduma za jamii: pampu za maji, skuli, vituo vya afya na misikiti. Baada ya hapo kila kaya iliamua yenyewe lini itaweza kugharamia waya wa kutoka kwenye nguzo hadi nyumbani.

Kijiji cha Uroa, katika pwani ya mashariki ya Unguja, ni mfano unaojulikana zaidi kwa sababu ulifanyiwa utafiti wa muda mrefu na mwanaanthropolojia wa Norway, Tanja Winther, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 2008. Uroa ilipata umeme mwaka 1990. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni kuwa manufaa ya umeme yalizifikia hata kaya ambazo hazikuwa na taa ya umeme, kwa kuwa maji ya bomba yaliwapunguzia wanawake na watoto mwendo wa kwenda visimani. Aidha, mapishi katika kaya nyingi yaliendelea kuwa ya kuni hata pale taa zilipokuwa za umeme.

Mambo hayo mawili yana uzito kwa wanaopanga miradi ya sasa. Kwanza, manufaa ya shirika la umeme kwa jamii hayapimwi kwa idadi ya mita zilizofungwa pekee. Kisima kimoja cha kijiji kilichounganishwa kinaweza kunufaisha watu wengi kuliko nyumba kadhaa zilizowashwa taa. Pili, nguzo ikifika mlangoni haimaanishi kuwa nishati safi imefika jikoni. Kaya iliyo na taa na redio lakini inapikia kuni au makaa bado inaukata msitu na bado inavuta moshi.

Katika mpango huo kijiji chenyewe hakikuwa mpokeaji tu. Laini hupita kwenye mashamba yenye minazi na miti ya matunda, na mwenye shamba lazima akubali njia ifyekwe. Sheha na kamati yake ndio wanaojua mipaka ya viwanja, wanaotuliza mabishano na wanaotoa taarifa nguzo inapooza au waya unapoanguka. Shirika haliwezi kuwa na fundi katika kila kijiji, hivyo hutegemea jicho la jamii. Pale jamii inapoiona nguzo kuwa ni mali ya kijiji, hitilafu huripotiwa mapema. Pale inapoiona kuwa ni mali ya wengine, watu hujiungia umeme kinyume cha sheria, transfoma huzidiwa na mtaa mzima hukosa huduma.

Ubia wa malipo

Ushirikiano wa ZECO na TANESCO ndio wa msingi kuliko mwengine wowote, na ndio uliopitia mtihani mgumu. Mwaka 2017 suala la deni la ZECO kwa TANESCO, lililotajwa wakati huo kuwa zaidi ya shilingi bilioni 120, lilifika hadharani baada ya Rais John Pombe Magufuli kuitaka TANESCO iwakatie huduma wadaiwa wake wote bila ya kujali nafasi zao. Chanzo kimojawapo cha deni hilo kilikuwa ni tofauti za muda mrefu juu ya bei ya jumla ambayo Zanzibar inauziwa umeme.

Suala hilo lilishughulikiwa kwa mazungumzo ya Serikali mbili, na kodi ya ongezeko la thamani kwenye umeme unaouzwa kutoka Bara kwenda Zanzibar nayo ikafanyiwa marekebisho ya kisheria ili kupunguza mzigo. Funzo lake ni kwamba kebo imara haitoshi iwapo hesabu za pande mbili hazisomani. Mnunuzi wa jumla anayechelewa kulipa humdhoofisha muuzaji katika matengenezo ya mitambo, na muuzaji anayepanga bei isiyobebeka humlazimisha mnunuzi kukopa au kupandisha bei kwa wananchi.

Mnyororo huo wa malipo unaanzia nyumbani. Kwa miaka mingi ZECO ilisoma mita na kupeleka ankara, utaratibu ulioacha malimbikizo ya madeni kwa wateja binafsi na hata taasisi. Kuingizwa kwa mita za malipo ya kabla, zinazojulikana kwa jina la TUKUZA, kumebadilisha hali hiyo. Mteja hununua uniti kadiri ya uwezo wake, na shirika hupata fedha kabla ya umeme kutumika.

Utaratibu huu una faida iliyo wazi kwa pande zote mbili, lakini nao una mtihani wake. Zamani kaya maskini ilidaiwa na ikakatiwa huduma mbele ya majirani. Sasa uniti humalizika kimya kimya na kaya hukaa gizani bila ya shirika kujua kuwa kuna tatizo. Takwimu za mauzo zinaweza kuonesha kuwa hakuna deni, zikaficha kwamba nyumba yenye mita haina umeme wiki moja katika kila mwezi. Kwa hiyo usimamizi wa bei una umuhimu wa pekee. Jukumu hilo liko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar (ZURA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, ambayo pia hupokea malalamiko ya watumiaji dhidi ya watoa huduma.

Mahitaji yanayokua

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, idadi inayokaribia kuwa mara mbili ya ile ya mwaka 2002. Hoteli, viwanda vidogo, majokofu ya samaki na viyoyozi vinaendelea kuongezeka. Hali hii inaukumbusha umma jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya mwaka 2008, pale mahitaji yalipokuwa yakipanda huku uwezo wa kebo ukibaki pale pale.

Kwa upande wa uzalishaji, nchi imepiga hatua. Bwawa la Umeme la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limeongeza kwa kiasi kikubwa umeme katika gridi ya Taifa. Lakini kwa mkaazi wa Unguja wingi huo una mpaka. Hata Rufiji ikizalisha kwa uwezo wake wote, kinachofika kisiwani ni kile tu ambacho njia ya baharini na vituo vya kupozea umeme vinaweza kupitisha. Hapa ndipo ubia wa awamu ya sasa unapopata maana yake.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 142 kwa ajili ya mradi wa mageuzi na upatikanaji wa nishati Zanzibar, unaojulikana kwa kifupi ZESTA. Mradi huo unahusisha kuimarisha njia za kusafirisha na kusambaza umeme, kuanzisha uzalishaji wa umeme wa jua wenye betri za kuhifadhia, na kuhamasisha nishati safi ya kupikia. Kwa muundo huo, Zanzibar inaanza kuzalisha sehemu ya umeme wake badala ya kununua wote kutoka ng'ambo ya bahari.

Umeme wa jua hautaondoa haja ya kebo. Mahitaji ya kaya huwa makubwa zaidi baada ya magharibi, wakati jua limeshazama, na betri zina ukomo. Faida yake ni kupunguza mzigo wa kebo mchana, wakati viyoyozi vya maofisini na mahotelini vinapofanya kazi, na kukipa kisiwa pumzi endapo hitilafu itatokea tena.

Katika ngazi ya kijiji ushirikiano wa aina nyengine tayari umetoa mfano. Katika kijiji cha Kibokwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja, kipo kituo cha Barefoot College kinachowafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wenye elimu ndogo ya skuli, kufunga na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa jua. Wanawake hao huteuliwa na vijiji vyao na hurudi huko huko kufanya kazi. Jambo la kuigwa katika mpango huo ni kwamba fundi anabaki kijijini baada ya mfadhili kuondoka. Mtambo ukiharibika, anayeutengeneza anaishi nyumba ya tatu.

Wajibu wa kila upande

Mifano hii, kuanzia kebo ya Fumba hadi kituo cha Kibokwa, inaonesha kwamba kila mshirika ana sehemu yake. Washirika wa maendeleo huleta mtaji ambao mapato ya ndani yasingeweza kuukusanya kwa haraka. TANESCO huleta umeme wa gridi. Serikali huweka sera, hudhamini mikopo na husimamia mazungumzo ya bei. ZECO hujenga, hutunza na hukusanya mapato. ZURA hulinda uwiano kati ya mtoa huduma na mtumiaji. Jamii hutoa njia ya laini, hulinda miundombinu na hulipia kile inachotumia.

Sehemu yoyote ikilegea, athari hufika kwa mwengine. Kebo ya mwaka 1980 haikuanza kuzidiwa mwaka 2008. Mzigo wake uliongezeka kidogo kidogo kwa zaidi ya robo karne, wakati fedha za kujenga njia ya pili hazijapatikana. Makubaliano mapya yanapaswa kupimwa kwa kigezo hicho: je, bajeti ya matengenezo imetengwa tangu siku ya uzinduzi, na je, mpango wa kuongeza uwezo umeandaliwa kabla ya mahitaji kufika ukingoni?

Wananchi nao wana nafasi yao katika hilo. Kutoa taarifa ya nguzo iliyoinama au waya unaogusa mti, kumtumia fundi aliyesajiliwa kutandaza waya nyumbani, kujiepusha na kujiungia umeme kwa njia zisizo halali na kufikisha malalamiko ZURA pale haki inapokosekana ni mambo yasiyohitaji mfadhili. Vile vile wana haki ya kuwauliza wawakilishi wao katika Baraza la Wawakilishi namna fedha za matengenezo zinavyotumika, kwa kuwa mikopo ya miradi hii hulipwa na Taifa.

Mtoto aliyezaliwa Unguja mwanzoni mwa mwaka 2009, miezi michache baada ya giza la kwanza, sasa yumo katika madarasa ya sekondari. Ametegemea kebo ya mwaka 2013 kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya skuli, na huenda hajui kuwa kabla yake palikuwa na kebo nyengine iliyozidiwa. Kipimo cha ubia wa sasa ni iwapo kizazi chake hakitalazimika kulijua giza la aina hiyo.